Mbunge Mmoja, Shilingi Moja

Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2005 ulipomalizika, majimbo 232 ya Tanzania yaligawanyika hivi: CCM 206, CUF 19, CHADEMA 5, TLP 1, UDP 1. Huyo mmoja wa UDP alitoka Bariadi Mashariki, wakati huo ikiwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga, na jina lake ni John Momose Cheyo. Alikuwa mwenyekiti wa chama, sura ya chama, na ndani ya ukumbi wa Bunge alikuwa chama chenyewe. Hakuwa na mwenzake wa kugonga meza akisema jambo la maana, wala wa kumvuta koti akiteleza. Siku akipata homa, UDP nzima ililala kitandani.

Mtu wa namna hiyo anafanyaje kazi ya upinzani? Tumezoea kuwapima wapinzani kwa ukali wa sauti: nani alimwumbua waziri, nani alitolewa nje na Spika, nani alirarua karatasi. Kwa kipimo hicho mbunge aliye peke yake hana nafasi, kwa sababu kelele zinataka wengi. Kinachombakia ni kazi isiyoonekana kwenye luninga, yaani kutafuta watu wa vyama vingine wakubali kusimama naye kwenye jambo moja, kwa saa moja, halafu kila mmoja arudi kwenye kiti chake. Cheyo aliifanya kazi hiyo kwa miaka kumi mfululizo akiwa mbunge wa jimbo hilo, kuanzia 2005 hadi 2015. Mara nyingine ilizaa matunda makubwa. Mara nyingine, kwa maoni yangu, alitoa kuliko alichopewa.

Kwanza tuelewe alikotoka. Bariadi, Maswa, Meatu na Busega ni nchi ya pamba. Mkulima wa huko anafahamu siasa kupitia mizani: bei ikitangazwa chini, karani akichezea jiwe la kupimia, mbegu zikichelewa au zikigoma kuota, anayelaumiwa ni Serikali, na kwa miaka mingi Serikali ilikuwa na maana moja tu na chama. Vyama vingi viliporudi, UDP iliyosajiliwa mwaka 1994 ikapata pa kushikilia. Cheyo, mfanyabiashara, alizunguka akihubiri kwamba fedha ziko na wananchi wapewe, hadi akabandikwa jina la Bwana Mapesa. Mjini walimcheka. Usukumani hawakucheka sana. Mwaka 1995 chama hicho kidogo kilipata viti vitatu vya majimbo, idadi ileile ambayo CHADEMA ilipata, na Cheyo mwenyewe akapata karibu asilimia 4 ya kura za urais nchi nzima. Mwaka 2000 akagombea tena akapata asilimia 4 na ushei, na viti vya chama vikabaki vitatu. Miaka mitano baadaye kikabaki kimoja.

Usukumani kuna vyama viwili vya ngoma, Bagalu na Bagika, vinavyoshindana tangu enzi za mababu. Kila kimoja kina dawa zake, nyimbo zake na mbwembwe zake za kuwavuta watazamaji wa mwenzake, na matusi ya kishairi hayakosekani. Lakini uwanja ni mmoja, na siku inayopangwa lazima vyote viwili viikubali, maana Bagalu wakicheza peke yao hakuna mashindano. Mtu aliyekulia huko anajua kwamba kushindana kunahitaji makubaliano ya awali. Nadhani hilo linasaidia kueleza kwa nini wanasiasa wengi waliotoka eneo hilo, wa chama chochote, wamekuwa wepesi wa kuvuka mstari.

Sasa tuingie ukumbini, Dodoma, wakati wa Bunge la bajeti.

Wizara inapomaliza kusoma makadirio yake na wabunge wakachangia, waziri hujibu hoja. Baada ya hapo Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi. Spika hushuka kwenye nafasi ya Spika akawa Mwenyekiti, na Katibu huanza kusoma mafungu. Kinapofikiwa kifungu chenye mshahara wa waziri, ndipo mbunge yeyote, awe wa chama tawala au wa upinzani, anaposimama kudai ufafanuzi wa jambo la kisera. Asiporidhika, anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo. Wenyewe wanaita kushika shilingi. Fedha yenyewe si kitu. Ila hoja ikishatolewa, kiti kinauliza kama kuna wanaotaka kuichangia, na hapo ndipo mbunge wa chama cha mtu mmoja anapojua kama amefanya kazi yake ya nyumbani. Akisimama peke yake, waziri atatoa jibu la kawaida, Mwenyekiti atawahoji wabunge, sauti ya “siyo” itatikisa dari, na mambo yatakuwa yamekwisha kwa dakika tatu. Wakisimama naye watatu wa CCM kutoka majimbo ya pamba, mmoja wa CUF na mmoja wa CHADEMA, waziri ataanza kutazama kule kwenye viti vya watendaji wake, karatasi ndogo zitaanza kupita, na mwisho atasema jambo linaloweza kushikiliwa: tarehe, kiasi, au ahadi ya kwenda mwenyewe. Mbunge atashukuru na kurudisha shilingi.

Watu wengi huona kurudisha shilingi kama kushindwa. Mimi naona ndiyo biashara yenyewe. Ahadi ya waziri imeingia kwenye Hansard, na mwaka unaofuata, mbunge akiwa makini, ataisoma neno kwa neno. Asipokuwa makini, amemfanyia waziri hisani ya bure.

Jambo la pamba lilisaidia sana kuvunja kuta za vyama. Bei ikianguka, inaanguka kwa mpiga kura wa CCM wa Kisesa na wa UDP wa Bariadi Mashariki vilevile. Kwa hiyo kwenye makadirio ya Wizara ya Kilimo, wabunge wa mikoa inayolima pamba walisimama mmoja baada ya mwingine wakisema karibu maneno yaleyale, na ungefumba macho usingejua nani amevaa kijani nyumbani. Barabara nayo ilikuwa hivyohivyo. Lami ya Lamadi hadi Bariadi, kilometa 71.8, ilidaiwa miaka na miaka, na Rais John Magufuli alipoizindua Januari 2017 Cheyo hakuwa tena bungeni.

Lakini mahali ambapo mbunge huyu mmoja alikuwa na uzito kuliko idadi yake ni kwenye chumba cha kamati. Hapo nitakaa kidogo.

Bunge la Uingereza lilianzisha Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC) mwaka 1861, na desturi ikajengeka kwamba uenyekiti wake ushikwe na mpinzani, kwa sababu anayetumia fedha asijikague mwenyewe. Nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza zilirithi desturi hiyo. Uganda, kwa mfano, Nathan Nandala Mafabi wa FDC aliongoza kamati ya namna hiyo kati ya 2006 na 2011 na jina lake likawa tishio kwa makatibu wakuu. Tanzania, baada ya 2005, PAC iliongozwa na Cheyo. Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa iliongozwa na Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA, na ilipoundwa Kamati ya Hesabu za Mashirika ya Umma, ikaenda kwa Zitto Kabwe, naye wa CHADEMA.

Kazi ya PAC inakwenda hivi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, wakati huo Ludovick Utouh aliyeteuliwa mwaka 2006, anakagua vitabu vya wizara na kutoa hati: safi, yenye shaka, au chafu. Hoja zake za ukaguzi ndizo silaha ya kamati. Katibu mkuu wa wizara, ambaye kwa lugha ya fedha anaitwa Afisa Masuuli, anaitwa na kukaa mbele ya wabunge akiwa na wahasibu wake na mafaili yake. Maofisa wa Mkaguzi wamekaa upande mmoja, wa Hazina upande mwingine. Mwenyekiti anaanza: hoja namba fulani, malipo yasiyo na hati za malipo, mmeijibu lini? Hakuna waziri pale wa kupiga siasa, na kwa miaka hiyo mara nyingi hakukuwa na kamera. Afisa Masuuli anajua kwamba asipojibu vizuri, jina la wizara yake litaandikwa kwenye taarifa.

Wananchi wengi hawalioni jambo moja hapa. Wajumbe wa kamati hiyo kwa wingi wao ni wa CCM. Mwenyekiti mpinzani hawezi kuandika taarifa peke yake akaipeleka bungeni. Kila sentensi inapita mikononi mwa wajumbe ambao chama chao ndicho kinachoongoza wizara inayochunguzwa. Zaidi ya hapo, mwenyekiti mwenyewe huchaguliwa na wajumbe wa kamati. Kwa maneno ya wazi, wabunge wa chama tawala ndio wanaoamua ni mpinzani yupi awaongoze kuichunguza Serikali yao. Ushirikiano, kwa hiyo, ulikuwa sharti la kazi tangu siku ya kwanza, hata kabla ya kuulizwa kama ni adabu nzuri. Mwenyekiti mkali kupita kiasi angekuwa na kamati isiyotimiza akidi, na mwenyekiti mpole kupita kiasi angekuwa mhuri wa Serikali. Cheyo alitembea katikati, na kwa kuwa hoja zilikuwa za Mkaguzi, zenye tarakimu, mjumbe wa CCM angeweza kuziunga mkono bila kuonekana amemsaliti mtu. Ushirikiano ulisimama juu ya karatasi za ukaguzi, ndiyo maana ulidumu.

Sheria nayo ilisaidia. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 ilimpa Mkaguzi meno zaidi, na kamati za Bunge zikawa na cha kutafuna.

Katikati ya kipindi hichohicho Cheyo alipewa kazi nyingine. Agosti 2007 Zitto Kabwe alisimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa baada ya kuleta hoja ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Nchi ikachemka. Novemba mwaka huo Rais Jakaya Kikwete akaunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na ndani yake akawaweka wabunge wa CCM kama Harrison Mwakyembe na Ezekiel Maige, pamoja na wapinzani wawili: Zitto na Cheyo. Walikuwapo waliosema wapinzani wamemezwa. Ni hofu halali, maana kamati ya Rais ni njia ya zamani ya kumnyamazisha mkosoaji kwa kumpa kiti na posho.

Matokeo yake yanasema nini? Sheria ya Madini ya mwaka 2010, iliyotungwa baada ya taarifa ya Bomani, ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4, na muhimu zaidi, ikataka ukokotolewe kwenye thamani ghafi ya madini, si kwenye kile kinachobaki baada ya kampuni kutoa gharama zake. Asilimia moja inaweza kuonekana ndogo. Lakini kwa kampuni yenye wahasibu hodari wa kukuza gharama, kubadilisha msingi wa hesabu ni kufunga mlango wa nyuma. Wapinzani wawili waliokaa meza moja na wenye nchi waliondoka na kitu kinachosomeka kwenye sheria. Hapo nampa Cheyo alama zote.

Kisha ukaja mwaka 2010, na kwa Mkoa wa Simiyu wa leo huo ndio mwaka wa ajabu kuliko yote. Chukua majimbo saba ya wakati huo yaliyokuja kuingia kwenye mkoa huu. Bariadi Mashariki, UDP. Maswa Magharibi, CHADEMA kupitia John Shibuda aliyehama CCM. Maswa Mashariki, CHADEMA kupitia Sylvester Kasulumbayi. Meatu, CHADEMA kupitia Meshack Opulukwa. CCM ikabaki na Bariadi Magharibi ya Andrew Chenge, Kisesa ya Luhaga Mpina, na Busega. Wapinzani wanne, chama tawala watatu. Mkoa wenyewe ulipotangazwa rasmi Machi 2012, makao makuu Bariadi, ulizaliwa ukiwa na wabunge wengi wa upinzani kuliko wa CCM. Vijana wa Bariadi wa leo ukiwaambia hivyo wanadhani unawatania.

Wapinzani wanne wa eneo moja, je, walikuwa kundi moja? Hata kidogo. Baada ya uchaguzi ule CHADEMA ilijikuta chama kikuu cha upinzani, na mwenyekiti wake Freeman Mbowe akaunda Kambi Rasmi ya Upinzani bila CUF, NCCR-Mageuzi, TLP wala UDP. Sababu yao ilikuwa kwamba CUF sasa ilikuwa serikalini Zanzibar, na vyama vingine vidogo walivitilia shaka. Novemba 18, 2010 wabunge wa CHADEMA walitoka ukumbini Rais Kikwete alipoanza kulihutubia Bunge. Wabunge wa vyama vingine vya upinzani walibaki vitini.

Februari 2011 ugomvi ukahamia kwenye Kanuni. Kama maneno “Kambi Rasmi ya Upinzani” yana maana ya CHADEMA peke yake, basi kamati zote za kusimamia fedha zitaongozwa na CHADEMA. Vyama vingine vikalalamika, CCM ikaona nafasi, na Kanuni zikarekebishwa ili mpinzani yeyote aweze kuchaguliwa. CHADEMA wakatoka nje tena. Uchaguzi ulipofanyika, PAC ikarudi kwa Cheyo, Serikali za Mitaa ikaenda kwa Augustine Mrema wa TLP, na Mashirika ya Umma ikabaki kwa Zitto.

Hapa msomaji anaweza kuegemea upande wowote. CHADEMA walikuwa na hoja: chama chenye wabunge karibu hamsini kinanyimwa PAC, na chama chenye mbunge mmoja kinapewa, kwa kura za CCM. Ukiitazama hivyo, Cheyo alikuwa mpinzani aliyechaguliwa na chama tawala. Lakini upande wa pili nao una mashiko. Mbunge aliyechaguliwa na watu wa Bariadi Mashariki hakuwa mpinzani wa daraja la pili kwa sababu chama chake ni kidogo, na tayari alikuwa ameifanya kazi ile miaka mitano. Mimi naona wote wawili walikuwa sahihi, na ndiyo maana ugomvi ule haukupata dawa. Ukishirikiana na Bunge zima, wapinzani wenzako watakuona umeuza. Ukishikamana na wapinzani wenzako kwa nidhamu ya chuma, huwezi kupata kura moja ya upande wa pili.

Jibu la vitendo lilikuja Aprili 2012. Wenyeviti watatu wa vyama vitatu tofauti, Cheyo, Mrema na Zitto, waliwasilisha taarifa za kamati zao zikiegemea ukaguzi wa Utouh. Mjadala ulioanza kama wa kihasibu ukawaka moto. Wabunge wa CCM walisimama na kudai mawaziri waachie ngazi kwa maneno ambayo hata upinzani ulikuwa haujayatumia. Zitto akaanza kukusanya saini za kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Katiba inataka saini za asilimia 20 ya wabunge, yaani 70 na zaidi, na kati ya waliosaini alikuwamo Deo Filikunjombe wa Ludewa, mwana CCM. Hoja ile haikufika ukumbini kwa sababu taarifa ya siku 14 inayotakiwa haikuwa imetimia. Haikuhitajika tena. Mei 4 Rais Kikwete akabadilisha Baraza la Mawaziri na kuwaacha mawaziri sita, akiwamo Ezekiel Maige, yule aliyekaa na Cheyo kwenye kamati ya Bomani.

Wale waliouliza uenyekiti wa Cheyo unawasaidia nini wapinzani, jibu lao ni wiki zile. Taarifa iliyosainiwa na kamati yenye wana CCM wengi ilikuwa na nguvu ya kuwang’oa mawaziri ambayo hotuba ya waziri kivuli, hata iwe kali namna gani, haikuwahi kuwa nayo. Mwaka 2013 Spika Anne Makinda alipanga upya kamati, ya Mashirika ya Umma ikafutwa na kazi zake zikaingizwa PAC, na uenyekiti wa PAC ukachukuliwa na Zitto akiwa na Filikunjombe kama makamu. Mpinzani wa Kigoma na mwana CCM wa Ludewa wakaendeleza njia ileile, na Novemba 2014 wakaifikisha kwenye sakata la akaunti ya Tegeta Escrow. Maazimio ya mwisho yaliandikwa baada ya wabunge wa pande zote mbili kukaa pamoja na kukubaliana maneno. Moja ya maazimio hayo lilitaka wenyeviti kadhaa wa kamati za Bunge waondolewe kwenye nafasi zao. Miongoni mwao alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti, Andrew Chenge, jirani wa Cheyo wa Bariadi Magharibi.

Shibuda wa Maswa anastahili neno fupi, kwa sababu alivuka mstari kwa namna tofauti kabisa. Mwaka 2011 chama chake kilipokataa posho za vikao, yeye alisimama bungeni akazitetea kwa Kiswahili chake kile cha kujipinda. Mwaka uliofuata, mbele ya Halmashauri Kuu ya CCM alikoalikwa, akatangaza kwamba angewania urais kupitia CHADEMA. Ilichekesha, na iliwaudhi viongozi wake. Lakini ukiuliza wananchi wa Maswa walipata nini kwa urafiki ule, unakosa pa kuweka kidole. Cheyo alivuka akiwa na hoja ya ukaguzi mkononi. Shibuda alivuka akiwa na maneno matamu.

Hata Cheyo mwenyewe ilifika siku akavuka mikono mitupu.

Mwaka 2014 Bunge Maalumu la Katiba lilikutana Dodoma. Aprili 16, wajumbe wa CHADEMA, CUF na NCCR-Mageuzi, chini ya umoja wao wa UKAWA, wakatoka na hawakurudi. UDP haikutoka. Wakati huo Cheyo alikuwa mwenyekiti wa Kituo cha Demokrasia Tanzania, TCD, kilichounganisha vyama vyenye wabunge, kuanzia CCM hadi TLP. Kwa cheo hicho aliwakutanisha viongozi wa vyama na Rais Kikwete, Agosti 31 na Septemba 8. Kikao kilichowaweka meza moja Mbowe, Ibrahim Lipumba, James Mbatia na Philip Mangula wa CCM, wakati nje watu hawasalimiani, hakikuwa jambo dogo. Kisha Cheyo akawatangazia waandishi walichokubaliana: kura ya maoni ya Katiba mpya isogezwe hadi baada ya Uchaguzi Mkuu wa 2015, na Katiba ya mwaka 1977 ifanyiwe marekebisho machache ili uchaguzi huo uwe wa haki. Yalitajwa mambo manne: tume huru ya uchaguzi, mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura, matokeo ya urais yaweze kupingwa mahakamani, na mgombea binafsi aruhusiwe. Bunge Maalumu, hata hivyo, lingeendelea hadi Oktoba 4.

Lililoendelea ni Bunge Maalumu. Chenge, akiwa mwenyekiti wa Kamati ya Uandishi, aliisoma Katiba Inayopendekezwa ukumbini, na Oktoba 2 ikapitishwa. Kwa hiyo katika miezi ile mizito watu wawili waliochaguliwa na majimbo mawili ya Bariadi, yaliyopakana, walishika kalamu mbili: mmoja ya maridhiano, mwingine ya Katiba. Kalamu ya Chenge ilitoa kitabu. Marekebisho manne ya Cheyo hayakufanyika kabla ya uchaguzi wa 2015.

Kosa lilikuwa wapi? Kwenye PAC Cheyo alikuwa na mamlaka ya Kanuni, wajumbe waliosaini, na taarifa ambayo Serikali ililazimika kuijibu. TCD ilikuwa na nia njema na maji ya kunywa. Makubaliano yale hayakuwa na tarehe ya muswada, hayakuwa na waziri aliyebebeshwa jukumu la kuuleta, na upande wa Serikali ulipata ulichotaka siku ileile, yaani utulivu wa kumaliza Bunge Maalumu, wakati upinzani ulipewa ahadi ya baadaye. Mtu aliyewahi kushika shilingi alipaswa kujua kwamba hairudishwi kabla waziri hajatamka tarehe.

Mwaka 2015 majimbo yote ya Simiyu yalikwenda CCM. UDP haikupata hata kiti kimoja nchini. Miaka mitano baadaye CHADEMA yenyewe, iliyokuwa ikikicheka chama cha mtu mmoja, ilibaki na jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini.

Upinzani ukikosekana kwenye viti vya upinzani, huchipukia kwingine. Mbunge wa Kisesa, Luhaga Mpina, aliyewahi kuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, ndiye aliyeanza kuwabana mawaziri kuliko mtu yeyote ukumbini, akiwa ndani ya CCM. Juni 2024 alifikisha hoja ya vibali vya sukari, akatoa ushahidi wake kwa waandishi wa habari kabla Spika hajaushughulikia, na Bunge likamsimamisha vikao 15. Mwaka 2025 akahamia ACT-Wazalendo, ikamteua kugombea urais, na jina lake likaondolewa na Tume ya Uchaguzi. Ujasiri hakuukosa. Alichokosa ni wale watatu wa kusimama naye. Siku anaadhibiwa, ukumbi uliojaa wenzake wa chama haukumpa hifadhi, na hakukuwa na kambi ya upinzani yenye ukubwa wa kuleta hoja ya kumtetea.

Hukumu yangu juu ya Cheyo, basi, ni hii: kwenye hesabu za Serikali na madini alishirikiana na akaleta kitu, kwenye Katiba alishirikiana na akarudi mikono mitupu. Nawe msomaji wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu au Busega, majadiliano ya Bunge yamewekwa kwenye tovuti ya Bunge. Tafuta siku ya makadirio ya Wizara ya Kilimo, soma mbunge wako alisimama na nani, alidai nini, na shilingi aliirudisha kwa ahadi gani. Halafu akija kuomba kura, muulize ahadi hiyo imefika wapi.